Kuiamsha Paketa: shajara ya saa ya mjomba

12 Januari

Mjomba amenikabidhi saa yake leo baada ya Alasiri. Aliitoa ndani ya kopo la majani ya chai, imeviringishwa kwenye leso, pamoja na vifungo viwili vya koti zito ambalo hapa Tanga hakulihitaji tena. Saa imesimama tangu nikiwa darasa la tano. Aliniambia, "Mwanangu, macho yamechoka na mikono inatetemeka. Wewe unayapenda mambo haya. Itazame."

Ni Raketa ya kutia ufunguo, yaani kile kitufe cha ubavuni unachokizungusha kuipa saa nguvu. Utotoni nilikuwa nikisoma jina lake "Paketa", maana ndivyo linavyoonekana kwa mtu aliyejifunza herufi zetu: РАКЕТА. Mjomba alinipakata akanieleza kwamba P yao ni R yetu na C yao ni S, kwa hiyo yale maandishi madogo chini ya namba sita, СССР, husomwa SSSR. Nilielewa, lakini nyumbani jina likabaki Paketa. Hata bibi, Mungu amrehemu, alikuwa akiuliza, "Paketa inasema saa ngapi?"

Aliinunua Leningrad mwaka 1978, akiwa mwaka wa mwisho wa masomo ya ujenzi wa bandari, kwa posho aliyoiweka kidogo kidogo. Kiwanda chenyewe kiko Petrodvorets, nje kidogo ya mji huo, mwendo wa treni ya abiria. Kilianzishwa na mfalme Petro Mkuu mwaka 1721 ili kuchonga mawe ya kupambia majumba, na saa zilikuja baadaye sana, baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Jina Raketa, yaani roketi, lilianza 1961, mwaka aliokwenda angani Yuri Gagarin.

Hali yake leo: ufunguo unazunguka bure, haushiki kitu. Ukiitikisa, mshale wa sekunde unasogea hatua nne tano kisha unasimama. Kioo, ambacho ni cha plastiki kama saa nyingi za Kirusi za enzi ile, kimejaa mikwaruzo hadi namba zinaonekana kama ziko nyuma ya pazia. Kromu ya kasha imeliwa na jasho, na shaba ya njano imechungulia pembezoni.

Lengo ni itembee, ishike majira kama inavyostahili saa ya umri wake, na mjomba aivae sikukuu ya Idi. Nimejiwekea sharti moja: chochote kinachoweza kubaki kibaki. Saa hizi zilitengenezwa kwa wingi mno na bei yake mpaka leo si kubwa. Ningeweza kununua nyingine nzima na kumaliza kazi, lakini hiyo haingekuwa Paketa.

19 Januari

Nimeifungua. Ndani kuna mashine namba 2609.НА, vito 19, yaani vijiwe vigumu vinavyopunguza msuguano. Warusi walizipa mashine zao namba kwa utaratibu unaomsaidia sana fundi: tarakimu mbili za mwanzo ni kipenyo cha mashine kwa milimita, mbili za mwisho ni aina ya kazi. Kwa hiyo hii ina milimita 26, na 09 ni mshale wa sekunde ulio katikati, bila tarehe. Ikiisha na 14 ina tarehe. Ikiisha na 16 ina tarehe na hujitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono. Mgeni asidanganyike, lakini. Vostok na Slava ni saa nyingine za Kirusi. Kuna Vostok 2414 na kuna Slava 2414, namba moja, na hakuna kipuri cha moja kitakachoingia kwenye nyingine. Slava ina hata kamani mbili, zile springi zinazotunza nguvu ya saa, ubavuni kwa ubavu, kitu ambacho sijakiona kwa jirani zake.

Turudi kwa Paketa. Fundi aliyeifungua zamani aliimwagia mafuta kama mtu anavyomwagia bawaba ya mlango. Yameganda, rangi ya asali iliyoungua, yametambaa kila mahali. Mahali palipoumia zaidi ni unywele. Hivyo ndivyo ninavyoiita ile kamani nyembamba ya duara inayoivuta huku na huko balansi, gurudumu linaloipa saa mapigo yake. Unywele una mizunguko mingi, na haitakiwi kugusana hata kidogo. Chini ya lenzi niliona mitatu imeshikana kwa mafuta kama kurasa za msahafu uliolowa mvua. Mizunguko ikishikana, unywele unakuwa kama umefupishwa, na unywele mfupi huifanya saa ikimbie.

Nimempigia mjomba kumuuliza. Amekumbuka vizuri: kabla haijasimama, ilikuwa ikitangulia karibu nusu saa kila siku, na ilianza hivyo baada ya kutoka kwa fundi. Miaka yote hii aliamini saa yake imezeeka. Nimesikitika kweli kweli. Saa haikuwa na kosa, ilipewa tiba mbaya tu.

26 Januari

Maandalizi. Bisibisi ndogo tatu nimezinoa upya ziingie sawasawa kwenye mkato wa skrubu, kwa sababu bisibisi pana au butu ndiyo inayoacha makovu. Kibano kisichoshika sumaku, kipulizio cha mpira, lenzi, vikombe vya glasi vyenye vifuniko, benzini safi.

Adui mkubwa hapa pwani ni hewa. Chuma kilichosafishwa mafuta kikilala wazi usiku mmoja, asubuhi unakuta vidoa vya kutu. Nimekusanya vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, nimevijaza kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, na kila kipande kitalala humo. Feni lazima izimwe, kwa hiyo nafanya kazi alfajiri kabla joto halijapanda.

9 Februari

Siku ndefu na nzuri. Kabla ya kugusa skrubu yoyote nilipiga picha kwa simu, kisha nikachora kwenye daftari, maana picha huonyesha kitu kiko wapi, ila mkono unaochora hukumbuka kimekaaje.

Kazi ya kwanza ni kuitoa kamani nguvu iliyobaki ndani yake. Hata saa iliyosimama inaweza kuwa na nguvu hiyo, na ukiinua daraja, kile kibati kinachoyashikilia magurudumu, bila kuitoa, magurudumu huruka na kuvunja meno. Unaushika ufunguo kwa vidole, unakisogeza kile kikucha kinachozuia gurudumu lisirudi nyuma, kisha unauachia ufunguo uzunguke polepole mkononi. Paketa haikuwa na nguvu yoyote. Ufunguo haukusukuma hata kidogo. Hapo nikajua kamani imekatika.

Balansi ikatoka kwanza, nikaiweka peke yake. Kisha uma, kile kipande kinachozuia na kuachia jino moja moja na kutoa ile sauti ya tiki. Vijiwe viwili vya uma vimegandishwa kwa lakiri, na lakiri huyeyuka kwenye spiriti. Kwa hiyo uma wangu haukaribii spiriti. Unapita kwenye benzini, unafutwa na kukauka. Nasisitiza kwa sababu nimewahi kupoteza kijiwe kwenye saa nyingine kwa kutojua jambo hili, na kijiwe chenyewe ni kidogo kuliko chembe ya mchanga.

Magurudumu yametoka yote salama. Kila tundu la kito nimelisafisha kwa kijiti cha mti kilichochongwa ncha, nikakizungusha, nikakichonga tena, mpaka kikatoka bila weusi. Mashimo hayo hayakuchukua muda kama ninavyoandika hapa. Yalichukua asubuhi nzima. Kito kikisafishika kina wekundu wa kokwa ya komamanga ukikishika kwenye mwanga, na baada ya yale mafuta meusi niliona raha kukitazama.

Kutu imekula kijiti cha ufunguo na gurudumu dogo linaloshikana nacho. Ndiyo sababu ya pili ya ufunguo kuzunguka bure. Mjomba alikuwa akisimamia kazi gatini, mikono kwenye maji ya chumvi. Kijiti hakitengenezeki.

16 Februari

Kamani ni kweli imekatika, karibu na kitovu. Nimeagiza Raketa ya vipuri yenye mashine ileile kutoka kwa muuzaji wa Ukraine, ambako wapenzi wa saa hizi wapo wengi na wanazijua kwa undani. Nitachukua kamani, kijiti na gurudumu lake. Vingine vitabaki vya Paketa mwenyewe.

Wakati nasubiri nimekuwa nikifuatilia nasaba za saa hizi, na zinanivutia kama nasaba za watu. Kiwanda cha Kwanza cha Saa cha Moscow kilianza kazi 1930 kwa mitambo iliyonunuliwa Marekani kutoka kampuni ya Dueber-Hampden ya mji wa Canton, Ohio, iliyokuwa imefilisika. Mafundi 21 wa kampuni hiyo walisafiri na mitambo yao hadi Moscow kuwafundisha vijana wa Kirusi. Mmarekani amesimama mbele ya mtambo aliouzoea maisha yake yote, katika theluji ya Moscow, anamwelekeza kwa ishara mtu ambaye hawasikilizani lugha! Saa ya Pobeda, yaani Ushindi, iliyotoka 1946, ilizaliwa kutokana na mashine ya LIP ya Ufaransa. Miaka ya sabini, saa ya kupimia muda ya Poljot, namba 3133, ikatokana na Valjoux 7734 ya Uswisi. Watu husema Warusi walinakili tu. Mimi siafiki. Waliichukua mbegu kweli, lakini waliipanda kwenye udongo wao na kuitunza kwa miongo, wakaongeza na kubadilisha, na nyingine ni zao kabisa.

2 Machi

Ramadhani imeingia. Leo nina masikitiko, nayaandika ili mwenzangu anayeanza asiumie kama mimi.

Nilinunua Pobeda mtandaoni kwa picha. Imefika. Uso ni mwekundu unaong'aa, nyota kubwa katikati, maandishi ya Kirusi yamepinda na herufi moja imeandikwa nyuma mbele. Uso huo umepakwa rangi juzi juzi. Mashine ndani ni ya kweli, vito 15, mshale mdogo wa sekunde juu ya namba sita kama inavyotakiwa, na inatembea. Lakini uso wa asili ulikwanguliwa ukaisha, na hakuna fundi duniani anayeweza kuurudisha.

Tangu leo naangalia mambo haya kabla ya kutoa senti. Maandishi ya asili ni membamba na kingo zake ni kali. Ya kupaka ni manene na yamevimba. Uso wa zaidi ya miaka sitini usiokuwa na hata doa moja unatia shaka. Naomba picha ya mashine na kulinganisha alama ya kiwanda iliyopigwa humo na jina lililo usoni. Na saa ya miaka ya hamsini yenye rangi ya kung'aa gizani siikwangui wala siipulizi hata siku moja, kwani rangi ile ilikuwa na radiamu. Ikimenyeka, vumbi lake halifai kabisa kuingia kifuani mwa mtu.

15 Machi

Mwenzangu kazini kaniletea Vostok Amphibia akidhani imevunjika, kwa sababu akiulegeza ufunguo wake unaning'inia na kuyumba. Haijavunjika. Ufunguo wa Amphibia uliundwa hivyo makusudi: ukifungwa kwa skrubu hujitenga na mashine, ili msukumo au pigo lisifike kwenye kijiti. Saa hiyo, iliyotoka 1967 katika kiwanda cha Chistopol kando ya mto Kama, imejaa fikra za namna hiyo. Kioo chake cha plastiki ni kinene cha milimita tatu, na maji ya kina kirefu yakikigandamiza hujikunja kidogo na kujibana zaidi kwenye kasha. Yaani kadiri bahari inavyoikandamiza, ndivyo inavyojifunga. Mikhail Novikov na Vera Belova, waliobuni jambo hilo, nawaheshimu sana.

Nimeisafisha nje tu, nikabadilisha mpira wa mfuniko, nikairudisha. Amefurahi.

22 Machi

Kifurushi kimefika baada ya wiki tano. Ile Raketa ya vipuri ina kasha lililopasuka, ila ndani ni safi kama bakuli. Kamani ni nzima, kijiti hakina kutu, na kuna kioo ambacho karibu hakijaguswa.

Kazi ya leo ilikuwa unywele. Niliuzamisha kwenye benzini pamoja na balansi yake, nikausukasuka taratibu, nikabadilisha benzini mara nne. Kila mara nilitoa tone moja juu ya karatasi nyeupe. Lisipoacha duara la mafuta, ndipo pametakata. Mara ya nne karatasi ilikauka nyeupe. Niliushika juu, balansi ikaning'inia, na mizunguko yote ikaachana, kila mmoja na nafasi yake, ikipumua juu na chini kwa uzito wa balansi. Niliuangalia kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Unywele ulikuwa mzima miaka yote hiyo, ukingoja kuoshwa tu.

29 Machi

Imetembea!

Nilianza kuiunganisha baada ya tarawehe, kukiwa na ubaridi. Kamani ndani ya pipa lake na mafuta mazito kidogo, magurudumu ya taratibu mafuta mazito, magurudumu ya mbio mafuta mepesi, tone dogo ambalo linaonekana kwa lenzi tu. Ekseli za uma hazipewi mafuta kabisa. Kabla ya kuweka uma nilitia ufunguo kidogo na magurudumu yakazunguka yenyewe bila kusita, kisha mwishoni yakarudi nyuma kidogo, dalili kwamba hakuna yanapokwama.

Kisha uma. Kisha balansi, ambayo sikuiachia mpaka ekseli ilipokaa tunduni na daraja likalala lenyewe. Kabla sijakaza skrubu, ikaanza kwenda. Tiki tano kila sekunde, mitikisiko 18,000 kwa saa, kama walivyoiandika mafundi wa Petrodvorets. Nilizima taa nikaiweka sikioni.

Programu ya simu inayosikiliza saa imenipa hivi: ikilala uso juu inatangulia sekunde 95 kwa siku. Nikakisogeza kijimkono cha kurekebisha kidogo sana, kama upana wa uzi. Sasa uso juu inatangulia sekunde 12. Ikisimama ufunguo ukiwa chini inachelewa sekunde 20. Kwa saa ya 1978 sitaki zaidi.

31 Machi, Idi

Nilimpelekea mjomba baada ya swala. Kioo nilikipiga msasa wa maji, kisha dawa ya meno kwa kitambaa laini, kikang'aa, lakini mkwaruzo mmoja mrefu kutoka namba saba hadi kumi niliuacha kwa makusudi. Niliona ni alama ya maisha yake. Uso sikuugusa kabisa: doa la namba nne lipo, weupe uliogeuka rangi ya samli upo.

"Shikamoo mjomba. Idi njema."

"Marahaba mwanangu." Akaivaa, akatia ufunguo akihesabu mizunguko kwa Kirusi chini chini. Kisha akaisogeza machoni, akaigeuza huku na kule.

"Mkwaruzo huu wa nini?"

Nikamwambia nimeuacha kwa sababu ni kumbukumbu. Akatafakari. "Siukumbuki mimi," alisema. "Nataka nione saa."

Nimejifunza kitu ambacho daftari langu lote halikuwa nacho. Nilikuwa nimetunga hadithi juu ya kioo cha mtu mwingine, wakati mwenyewe anahitaji kusoma majira.

Halafu akaanza kusimulia, na sikuwa nimewahi kuyasikia haya. Mwezi wa sita mwaka wa kwanza kule Leningrad, alitazama saa ya ukutani bwenini: saa nne usiku, na jua halijazama. Kwetu saa moja ya usiku ndiyo giza linapoingia, lugha yenyewe inahesabu kwa jua. Alisema alishindwa kutamka "saa nne usiku" huku jua likimpiga usoni, akawa anakaa kimya tu mtu akimuuliza. Nilimwambia kwamba Raketa ilitengeneza saa zenye namba 24 kwa wanaofanya kazi kwenye ncha za dunia, ambako mchana na usiku havitofautiani. Akacheka akasema angeihitaji hiyo.

6 Aprili

Nimeweka kioo cha ile saa ya vipuri. Kile cha zamani nimekitia kwenye bahasha pamoja na kamani iliyokatika na kijiti chenye kutu, nimeandika tarehe. Mkanda mpya wa ngozi, kahawia, vitundu vikubwa ili vidole vyake visihangaike. Mjomba ameisoma bila miwani, kwa mkono ulionyooshwa.

9 Aprili

Amenipigia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ameilinganisha na ile milio ya redio kabla ya taarifa ya habari: tangu Jumapili Paketa imetangulia sekunde arobaini. Nimemshauri usiku asiilaze uso juu, aiegemeze ufunguo ukiwa chini, itarudisha kidogo. Amesema ataiegemeza kwenye lile kopo la chai.